Ruta ya nyumbani Unguja na Pemba: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiingia maduka ya Darajani, muuzaji ataanza na antena: hii ina nne, ile ina sita, inafika mpaka barazani kwa jirani. Antena mwachie mwenyewe. Geuza boksi utazame mambo mawili, kizazi cha Wi-Fi na matundu ya waya ya nyuma.

Kwa nyumba nyingi za Ng'ambo, Fuoni au Chake Chake, naiweka mbele Wi-Fi 6 yenye alama ya AX1500 au AX1800. Si kwa ajili ya kasi, maana vifurushi vingi vya nyumbani haviifikii hata nusu. Faida yake ni kugawa wimbi vipande vipande ili simu kadhaa zihudumiwe kwa pamoja bila kupanga foleni. Nyumba yenye watoto, mashemeji na wageni wa Idi ndiyo inayoijua tofauti hiyo.

Mji Mkongwe ni habari nyengine. Kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zenye unene wa karibu nusu mita, huwa zinalimeza wimbi la gigahezi 5, lile la kasi zaidi kati ya mawili yanayorushwa na ruta. Sebuleni simu inaonesha mistari yote. Ukivuka chumba cha pili umebaki na mmoja, wa tatu hakuna kitu. Gigahezi 2.4 inajitahidi zaidi kupenya, ila ni ya polepole na majirani wote wamo humo humo. Hakuna kizazi kipya kinachoitibu hali hii, hata ukilipa mara tatu. Hapa nanunua ruta mbili za Wi-Fi 5, AC1200, na waya wa mtandao, aina ya Cat 5e, wa kupandisha ghorofani kupitia kwenye ngazi. Ya juu unaigeuza kituo tu cha kurusha Wi-Fi. Zile seti zinazowasiliana bila waya nazo zinapaswa kuvuka ukuta ule ule, kwa hiyo usidanganyike. Na usitoboe hovyo: chokaa ya zamani hubomoka, na mji wenyewe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000.

AC1200 maana yake kasi ya megabiti 300 kwa sekunde kwa gigahezi 2.4 na 867 kwa gigahezi 5, zikijumlishwa na kukuzwa kidogo. Lakini nyingi za bei nafuu zina matundu ya 10/100, yaani mwisho wake megabiti 100. Ukilipia mkonga, yaani intaneti ya waya wa kioo, wa megabiti 200, zitakazopita kwenye tundu hilo hazizidi 100. Tafuta iliyoandikwa gigabiti, yaani megabiti 1000.

Nafasi ya tatu, ruta ya laini ya 4G. Kama mkonga haujafika mtaani kwako, hiyo ndiyo ya kwanza, hapana mjadala. Iweke dirishani upande wa mnara, na kwa za mtumba chomeka laini yako palepale dukani, kwani zipo zilizofungiwa mtandao wa nchi nyengine.

N300, yaani Wi-Fi 4 ya mwaka 2009, inamfaa mtu wa chumba kimoja. Katika maghorofa ya Michenzani itakutesa: nyingi zinatumia gigahezi 2.4 peke yake, na huko chaneli, yaani njia za wimbi, zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11.

Wi-Fi 7 iache rafuni kwa sasa. Bila simu inayoijua haikupi lolote la maana, na simu nyingi za mikononi mwetu haziijui.

Kabla ya kulipa, soma adapta. Kama ni volti 12, nunua na UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya volti 12 yenye ampea zisizopungua zilizoandikwa hapo. Umeme ukikatika usiku, ruta itaendelea. Ya volti 9 usiichomeke humo, utaiunguza.