Kamera tatu, rekoda moja: kifaa gani cha taimkodi ununue Mwanza

Ukishuti Mwaloni Kirumba alfajiri, boti za dagaa zikishusha mzigo, kupiga kofi mbele ya kamera ili uoanishe picha na sauti baadaye hakutoshi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kamera iliyo mita 30 mbali hulisikia kofi sekunde 0.09 baadaye. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu mbili: midomo ya mvuvi inaachana na maneno yake. Ukioanisha kwa mawimbi ya sauti, kasoro hiyo inabaki palepale. Kwa harusi ukumbini kofi linafaa, tena ni bure. Ufukweni, nunua vifaa vya taimkodi, yaani saa moja inayohesabu fremu kwenye kamera zote na rekoda: kimoja kwa kila kamera na kimoja kwa rekoda.

Nafasi ya kwanza naipa Deity TC-1. Ina kioo kinachoonyesha saa na idadi ya fremu, kwa hiyo unakagua kamera zote bila kutoa simu mfukoni, mikono ikinuka samaki.

Ya pili ni Tentacle Sync E. Ni ndogo na chaji yake inafika saa 35, jambo la maana kwa anayevuka kwenda Ukerewe. Haina kioo, mipangilio yote iko kwenye simu.

UltraSync Blue naiweka ya tatu. Inatuma taimkodi kwa Bluetooth bila waya, lakini kwa vifaa vinavyoipokea tu, kama rekoda ya Zoom F6 yenye adapta yake ya BTA-1.

Wengi huogopa Bluetooth ikikatika. Kwa hizo mbili za kwanza, mawasiliano yasiyo na waya ni ya kulinganisha saa mwanzoni. Baada ya hapo kila kifaa kinahesabu chenyewe, hata kamera moja ikihamia Capri Point.

Kinachonikera ni watu kusahau waya wa kuunganisha kifaa na kamera. Kamera isiyo na mlango wa taimkodi huipokea kupitia tundu la maiki, kama sauti, na DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, huisoma baadaye. Kwenye kamera, zima kiwango cha sauti kinachojirekebisha chenyewe, kisha ukipunguze kwa mkono. Nenda dukani na kamera yako, chomeka, rekodi dakika moja, uvae hedifoni: ukisikia mkwaruzo mkali usiokatika, safi, usiopasuka, lipa.