Biblia ya kufundishia somo la kukesha: Union Version au Habari Njema?

Anayeandaa Mathayo 24 na 25 kwa ajili ya jumuiya, darasa la kipaimara au kikundi cha kujifunza Biblia mara nyingi huchagua kati ya tafsiri mbili: Union Version ya mwaka 1952, iliyounganisha tafsiri za Kiunguja na Kimvita, na Habari Njema, iliyotoka ikiwa kamili miaka ya 1990. Hapa tunazipima kwa kazi moja tu: ipi inamfikisha msomaji kwenye maana ya agizo la Yesu, "kesheni"?

Kwa kazi hiyo tunaiweka Union mbele, na sababu ya kwanza ni neno zamu. Mathayo 24:43 inasema, "kama mwenye nyumba angaliijua ile zamu mwivi atakayokuja, angalikesha". Zamu ni lugha ya walinzi. Warumi waligawa usiku zamu nne za takriban saa tatu tatu, na Marko 13:35 inazitaja zote kwa mpangilio: jioni, usiku wa manane, awikapo jimbi, asubuhi. Ziandike ubaoni kwa saa zetu: kumi na mbili jioni hadi tatu, tatu hadi sita, sita hadi tisa, tisa hadi kumi na mbili alfajiri. Darasa likishaiona ratiba hiyo, linaelewa kwamba kukesha ni lindo ambalo mtu ameachiwa, naye aliyemwachia atarudi kuuliza.

Ila Union ina mitego, na mwalimu asiyeijua atafundisha makosa kwa moyo safi kabisa. Mathayo 25:7 inasema wanawali kumi waliokuwa wakimngoja bwana arusi "wakaondoka", kisha wakazitengeneza taa zao. Msomaji wa leo anadhani walikwisha kwenda zao. Katika Kiswahili cha zamani kuondoka ni kuinuka; Habari Njema inasema waliamka, na hapo ndipo inapomsaidia sana kijana. Mtego wa pili ni talanta (25:15). Siku hizi talanta ni kipaji, kwa hiyo somo linageuka kuwa la kuimba na kucheza mpira. Talanta ya Mathayo ni fedha: moja ilikuwa sawa na dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Hata yule aliyepewa moja alikabidhiwa ujira wa karibu miaka ishirini. Wa tatu ni mdogo lakini unawasumbua wanaopenda kufuatilia neno moja Biblia nzima. Katika 1 Petro 4:7 Union inasema "mkeshe katika sala", ilhali Kigiriki kina neno la kuwa na kiasi, akili isiyolewa. Neno hilohilo, kwenye 5:8, Union inalitafsiri "mwe na kiasi", kisha ndipo inaongeza "na kukesha".

Kuna kosa ambalo tafsiri zote mbili haziwezi kulizuia, kwa sababu linatoka katika Kiswahili chetu wenyewe. Mkesha kwetu ni ibada ya usiku kucha, basi watu husikia "kesheni" wakafikiri ni kujinyima usingizi. Soma 25:5 kwa sauti: "wote wakasinzia wakalala usingizi." Wote kumi, wenye busara wakiwamo, na hakuna aliyekemewa kwa kulala. Watano waliofungiwa mlango walikosa mafuta ya akiba chomboni.

Halafu linganisha na mtumwa wa 24:45-51. Huyu alisema moyoni kwamba bwana wake anakawia, akaanza kuwapiga wenzake. Bwana akamjia kabla hajamtarajia. Wale wanawali watano walidhani bwana arusi hatakawia, akakawia. Mmoja aliponzwa na kuhesabu mbali, watano na kuhesabu karibu. Ukifundisha mfano mmoja ukauacha wa pili, utatoa darasa legevu au darasa lenye hofu.

Ndiyo maana tunasisitiza vipindi visipungue vinne: 24:36-51, wanawali, talanta, kisha kondoo na mbuzi (25:31-46). Wengi huishia kwenye dalili za sura ya 24 na kuanza kupiga hesabu ya tarehe, ingawa 24:36 imelifunga suala hilo: siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Wafuasi wa mhubiri William Miller huko Marekani waliingoja Oktoba 22, 1844, kuwa siku ya kurudi kwa Kristo, ikapita. Kwetu Afrika Mashariki, mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri wa mwisho wa dunia. Mahubiri ya namna hiyo yanapopotoka, watu hufa. Kipindi cha nne kisikatwe hata muda ukibana, kwa kuwa ndipo Mfalme anapotaja atakachouliza: chakula, maji, mgeni, nguo, mgonjwa, mfungwa. Union inasema "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama", na yeyote aliyewahi kwenda kumtazama mgonjwa analielewa bila maelezo.

Unaponunua Union, fungua Mathayo 24 palepale dukani. Angalia kama herufi zinasomeka kwa mwanga wa taa, kwa sababu vikundi vingi hukutana jioni, na kama karatasi haionyeshi maandishi ya upande wa pili. Chagua toleo lenye marejeo, likupeleke Marko 13, Luka 21:34-36 na 1 Wathesalonike 5 bila kubahatisha. Mkatoliki anayechukua Habari Njema ahakikishe toleo lina vitabu vya Deuterokanoni (kama Tobiti na Makabayo), maana yapo yasiyo navyo.

Bajeti ikitosha nakala moja, chukua Union ya karatasi, na Habari Njema uisome kwenye programu ya simu ya YouVersion. Ukigusa mstari unaweza kulinganisha tafsiri. Pakua kabla ya kwenda kwenye kipindi, mtandao usije ukakuangusha mbele ya darasa.