Stabu mpya za Kobe: nilichopata Gerezani kwa milioni moja na laki nane

Kwanza niseme kwa nini sitaji jina la karakana iliyonichongea stabu za mbele za gari langu. Fundi kerezo mwenyewe aliniomba. "Mzee mwenzangu, sisi kazi yetu ni shafti za mashine za kokoto. Ukituandika, kesho hapa getini foleni ya magari ya makumbusho." Basi. Iko Gerezani, Dar es Salaam, na wenye kawaida ya kuchongesha vipuri hapa mjini watawatambua.

Gari ni Volkswagen ya 1967 ya marehemu baba, Kobe kama tunavyomwita nyumbani. Mbele ina mabomba mawili yaliyolala kukingama, ndani yake mna vyuma bapa vinavyojipinda badala ya springi, na kila upande kuna bolijointi mbili, yaani viungo vya duara vinavyoruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kukata kona. Stabu ndicho kile kipande kinachokaa kati ya bolijointi hizo, chenye mkono wa tairodi (fimbo inayotoka kwenye usukani) na ekseli fupi inayobeba gurudumu. Miaka mitano iliyopita gereji moja iliniinulia gari kwa kukata mabomba na kuvipindua vile vyuma. Likasimama juu kweli, kifua mbele kama jogoo. Kumbe bolijointi zilikuwa zimefika mwisho wa mwendo wake gari likiwa bado halijatoka getini. Kila shimo likawa nyundo, na raba za kuzuia grisi zikachanika kabla miezi minne haijatimia.

Dawa yake ni kuirudisha mikono inayotoka kwenye yale mabomba kwenye usawa wa kiwandani, kisha kimo ukitafute kwenye stabu: ile ekseli fupi ishushwe chini ya mahali pake pa asili, gari lipande. Wanaopenda magari yanayoburuta tumbo hufanya kinyume chake. Kuna watakaoniambia Volkswagen za namna hii zilishinda Safari Rally 1954, 1957 na 1962 bila makeke haya. Kweli, ila zile mbele zilikuwa na pini badala ya bolijointi. Bolijointi zilikuja na modeli ya 1966. Isitoshe, gari la mashindano halisubiri mwisho wa mwezi kupata kipuri.

Aliyechora ni binti mhandisi, sidhani kama amefika thelathini. Aliniamkia, akachukua stabu za zamani zote mbili, akakaa nazo siku mbili na venia, kile kipimo cha milimita. Alichonifurahisha ni kwamba hakuanza na chuma. Alichapa stabu ya plastiki kwa printa, akaifunga kwenye gari kwa bolijointi zenyewe, akavisha ringi. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kwa zile milimita 50 nilizotaka, ringi inakwaruza bolijointi ya juu.

"Baba, tushushe 40, halafu gurudumu tulitoe nje milimita 8."

Nikabisha. Nilishawatangazia watu 50. Hakujibu, akaizungusha ringi kwa mkono mara moja tu, unga wa plastiki ukamwagika sakafuni. Nikanyamaza.

Mkono wa tairodi hakuusogeza hata nywele kutoka kwenye bolijointi zake. Ukihama, gurudumu likipanda na kushuka linajikata lenyewe, na gari linatafuta njia yake wakati wewe umeshika usukani kimya. Baadaye tulihakikisha: tukatoa shokapu, tukainua gurudumu kwa jeki kidogo kidogo huku tukipima upana mbele na nyuma ya matairi. Tofauti haikuwa ya kunikosesha usingizi.

Chuma ni EN24T, aina ya chuma imara cha mchanganyiko, ambacho kinakuja kimeshapikwa, kwa hiyo baada ya kuchongwa hakirudi tena motoni kikajipinda. Kila stabu imetolewa kwenye gogo moja la chuma, haina welding popote. Lakini mahali nilipoona thamani ya hela yangu ni pale shina la ekseli linapokutana na mwili wa stabu. Kijana msaidizi alitaka kona ya mraba, eti beringi ikae vizuri. Mzee wa kerezo akamsogeza kwa kiwiko. "Hapo unachora ufa, mwanangu." Akaacha mviringo wa milimita 3, kisha akachonga pete ya kuweka nyuma ya beringi, tundu lake limelegezwa ukingo ili lisiukanyage ule mviringo. Gari likipiga shimo, hapo ndipo ekseli inapopindwa kuliko kwingine kote. Alipomaliza alipaka rangi nyekundu, akaifuta, akapulizia ile dawa nyeupe, tukasubiri kuona kama kuna mstari mwekundu wa ufa utakaojitokeza. Haukutokea.

Sasa madudu. Waliniahidi wiki tatu, nikapewa gari wiki ya tisa. Nne kati ya hizo zilitokana na kosa moja: stabu ya kushoto ilitoka na nyuzi za kawaida. Kobe upande wa kushoto nati yake inakazwa kinyume, kwa sababu gurudumu la huko likienda mbele linazunguka kuelekea upande wa kufungua nati ya kawaida. Mchoro wa binti ulisema hivyo; aliyekuwa kwenye mashine hakusoma. Cha ajabu ni kwamba tundu refu la katikati, la kupitishia waya wa spidomita, ambao kwenye gari hili unazungushwa na gurudumu la kushoto, hilo walilikumbuka. Stabu nzima ikarudiwa, gogo jipya, na hawakuniongezea shilingi. Hilo nawapa heshima yao.

Beringi nilinunua mwenyewe. Walizifunga kwa saa ya kupimia, wakaacha mchezo, yaani nafasi ya kutikisika, ndani ya milimita 0.03 hadi 0.12 kama kitabu cha gari kinavyotaka, si kwa kutikisa tairi na kusema "tayari".

Nimetembea kilomita 3,400. Njia ya Maneromango, lami ilipoisha, gari lilimeza mashimo ambayo mwaka jana yalinitoa machozi. Ila zile milimita 8 nazilipia: usukani ni mzito nikiegesha, na kwenye vumbi lenye mikunjo kama bati unanipiga vidole. Dereva mwenye mabega mabovu afikirie mara mbili.

Kingine, hawakunipa mchoro. Nimeuomba mara tatu. Binti anasema ni mali ya karakana. Mimi nasema shingo ni yangu. Ukienda, lidai hilo kabla hujatoa malipo ya awali.

Na wiki hii nimeona grisi kwenye drami ya kulia. Sili, ile raba inayozuia grisi isitoke kwenye beringi, inakaa juu ya sehemu ya stabu ambayo haikusuguliwa ikalainika vya kutosha, ukipitisha ukucha unausikia mkwaruzo. Jumamosi narudi Gerezani na gurudumu kwenye buti, ambayo kwa gari hili, mjue, iko mbele.