"Ungelala hoteli": trela niliyokodi kwenda Ziwa Mburo

Nyota moja. Na hiyo moja nawapa godoro, si watu.

Nilikodi trela ya kulala hapa Kampala, kwa kampuni ambayo siitaji kwa sababu bado wamekalia laki tano zangu za dhamana. Ilikuwa majuzi tu, mvua hazijakatika vizuri. Mimi, wanangu wawili, na shemeji yangu kwenye usukani wa pikapu yake.

Siku ya kukabidhiwa, kijana wao alitumia karibu nusu saa kutuonyesha redio, taa za rangirangi na namna ya kukunjua turubai la kivuli. Tulipofika kwenye jeki nne, moja kila kona, akasema: "Hizi mnazungusha tu mpaka inyooke." Basi. Akarudi kwenye redio.

Njiani sina la kulalamika. Kayabwe tukasimama watoto wapige picha kwenye mstari wa ikweta, Lukaya tukanunua kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, dirishani, jioni tukawa hifadhini. Mahali tulipopewa kando ya ziwa pana mteremko kidogo na udongo ulikuwa umelowa. Shemeji akaitoa trela kwenye pikapu, akaanza kuzungusha hendeli. Upande wa kushoto ndio uliokuwa chini, akawa anauinua huo. Hendeli ikawa nzito, akaongeza nguvu. Tairi la kushoto likaanza kuning'inia, na sisi tunashangilia kama watu wa harusi.

Nikaingia ndani kufunga mlango. Haufungi. Komeo linapita juu ya tundu lake kwa upana wa kidole. Nikaubamiza mara tatu, nikawasema wenye trela, kumbe mlango ndio uliokuwa unatuonya: fremu ilikuwa imeshajipinda, kona moja inabeba mzigo usio wake.

Nje, shemeji alikuwa amelala kwa ubavu, mkono mzima hadi begani uko chini ya trela, anasukumia jiwe bapa chini ya mguu wa jeki uliokuwa unazama kwenye tope. Akautoa mkono ili achukue tochi. Ndipo mwanangu mdogo akarukia kitanda.

Jeki ilikunjika kama kijiko cha bati. Trela ikaanguka upande, ikajivuta hatua moja kuelekea ziwani, ikazuiwa na kisiki. Hakuna aliyeumia. Shemeji alibaki amechutama, tochi inamulika pale mkono wake ulipokuwa. Kisha akaenda kukaa ndani ya pikapu, akafunga kioo.

Nilipanda kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia mwenye kampuni. Swali lake la kwanza: "Mama, umeivunja?" Nikameza. Nikamweleza kuhusu mkono wa shemeji. Akaniambia jeki ni jeki, kazi yake kuinua. Nikamuuliza, mbona hii imekunjika? "Kama hujui mambo ya kambi, ungelala hoteli." Akakata simu.

Mimi ni mtu wa Bukoba, nimeolewa huku zaidi ya miaka kumi, na Waganda wamenizoesha vibaya: mtu anakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, ndipo aseme unamdai au anakudai. Huyu hata pole hana. Sentensi yake hiyo naisikia hadi leo nikiosha vyombo.

Aliyetuokoa ni jirani, mzee kutoka Nakuru mwenye trela yake mwenyewe. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha ya mtu ambaye hajaisikia siku nyingi. Hakutucheka. Alisema hiyo miguu ya kona si ya kunyanyulia kitu. Ni ya kuzuia trela isitikisike mkitembea ndani. "Tairi ndizo zinazobeba."

Kwanza akamtaka shemeji aiunge trela tena kwenye pikapu. Akatandika mbao mbili nene mbele ya tairi la kushoto, shemeji akavuta polepole hadi tairi likapanda juu yake. Sasa chupa ya maji iliyojaa nusu, akailaza sakafuni kwa upana wa trela: maji yakatulia sawasawa. Kabla hatujaitoa kwenye pikapu akagongomea kabari mbele na nyuma ya tairi za pande zote mbili, akaitikisa trela kwa bega kuona kama inakubali kwenda. Haikukubali. Ndipo ikatolewa, na mbele na nyuma zikasawazishwa kwa ile jeki moja ya mbele, karibu na kiungio. Miguu ya kona ikaja mwisho kabisa, kila mmoja juu ya kipande cha mbao ili usizame. Ukigusa mbao, nusu mzunguko, acha. Kona ya jeki iliyokunjika ikabaki bila kitu. Na wakati wote huo alikuwa akiwafukuza watoto: hakuna kuingia ndani, hakuna kuingiza hata kidole chini.

Mlango ukafunga kwa kidole kimoja! Hata friji ya gesi, ambayo jioni nzima ilikuwa vuguvugu, ikaanza kupoza. Kumbe nayo haitaki kuinama.

Na hapa lazima niseme kweli. Usiku ule viboko walitoka ziwani, tukawasikia wakikwanyua majani hatua chache kutoka dirishani, na trela imetulia kama sakafu ya saruji. Sijalala usingizi wa namna ile tangu nipate watoto. Nyota mbili, basi. Asubuhi, chai mkononi, ningetoa hata nne.

Kisha tukarudisha trela. Kijana akawa anahesabu shuka, akainua sponji ya kitanda na ubao wake. Chini kuna sanduku. Ndani ya sanduku: kabari nne za mpira na mbao sita, safi, hazijaguswa. "Kumbe mlikuwa nazo," akasema, anatabasamu. Tulikuwa nazo! Tumezilalia siku tatu!

Mwenyewe akatoka ofisini, hakunisalimu, akaandika "jeki 1" kwenye karatasi na kusema itakatwa kwenye dhamana. Shilingi ngapi? "Tutakupigia." Nyota moja, nimerudi pale pale.

Shemeji amekwisha kwenda Ndeeba, kwa wauza mbao wa hapa Kampala, amekatisha mbao zake mwenyewe, ziko nyuma ya pikapu. Juzi kaniuliza kama wale watu wana nafasi Desemba. Nimeangalia, Mungu anisamehe. Nafasi wanayo. Simu yangu ndiyo hawapokei.