Uzoefu wangu: wiki nzima ndani ya meli kubwa ya kitalii, na kwa nini nisingependa ije Lamu

Ukimwambia mtu wa Lamu kwamba umesafiri kwa meli yenye ghorofa zaidi ya kumi na tano, swali la kwanza ni kama ilikusukasuka. Haikunisukasuka hata kidogo, na sababu nitaieleza. Lakini swali ambalo watu wa barazani hapa mtaani Langoni hawaachi kuniuliza ni kama meli ya namna ile ingetufaa sisi. Naandika hasa kwa ajili ya swali hilo, kwa sababu nina nyumba ya wageni hapa mjini na riziki yangu inatoka kwa watu wanaokuja kututembelea.

Kaka yangu anafanya kazi Barcelona. Ndiye aliyetulipia, mimi na mama, ziara ya wiki katika Mediterania: kupanda Barcelona, kisha Marseille, Genoa, Civitavecchia ambayo ndiyo bandari ya Roma, Palma de Mallorca, na kurudi. Tulikuwa abiria zaidi ya elfu tano, mbali na wafanyakazi. Jina la kampuni siliweki. Mengi niliyoyaona yanatokana na ukubwa wenyewe, na meli za ukubwa huo siku hizi si moja wala mbili.

Kwa asiyezijua: Titanic, ambayo habari zake kila mtu amezisikia, ilikuwa na urefu wa mita 269 na tani 46,000 na ushei. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba watu Januari 2024, ina mita 365 na tani 248,663, na ikijaa kabisa huchukua abiria 7,600. Tani hizo si uzito, ni kipimo cha nafasi iliyo ndani. Kwa hiyo meli hazikurefuka sana. Zimenenepa na kupanda juu. Kampuni zinakimbilia ukubwa kwa sababu ya hesabu. Nahodha ni yule yule mmoja, na kadiri vitanda vinavyoongezeka ndivyo gharama ya kila kitanda inavyoshuka. Nafasi inayopatikana juu hujazwa mabwawa, kumbi za maonyesho na maduka, ambako abiria anaendelea kutoa pesa.

Nianze na mama, maana bila yeye ningeipa meli hii alama za chini kuliko inazostahili.

Magoti yanamsumbua kwa miaka. Sehemu ngumu kuliko zote katika safari yetu ilikuwa pale tulipoanzia: kushuka ngazi za gati letu maji yakiwa yamekupwa, vijana wawili wamemshika mikono, ili aingie katika boti ya kuvukia uwanja wa ndege wa Manda. Barcelona aliingia melini akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kupitia daraja pana lenye paa, bila kukanyaga kidato hata kimoja. Ndani kuna lifti za kila ghorofa, mlango wa chumba chetu haukuwa na kizingiti, na bafuni kulikuwa na vyuma vya kushikilia. Huyu ni mama ambaye akienda Faza wakati wa kusi, boti ikishatoka mkondo wa Mkanda tu, hutapika mpaka afike. Melini, usiku wa kwanza, tulikuwa tumeketi roshani saa nzima tangu kung'oa nanga akaniuliza, "Mwanangu, mbona hatuondoki?" Meli hizi zina mapezi yanayochomoza ubavuni chini ya maji na kuizuia isilale upande, na kwa uzito wake mawimbi ya kawaida hayaitikisi. Kwa mzee, kwa mlemavu, kwa mwenye watoto wadogo, sijaona namna nyingine ya kuona miji minne ya nchi za watu bila kufungua na kufunga sanduku kila siku. Hili silipunguzi hata kidogo. Nilimwona mama akifurahi kama sijamwona tangu baba afariki.

Chakula cha halali tuliomba wakati wa kuweka nafasi, na mpishi alikuja mezani mwenyewe kutueleza kinachofaa na kisichofaa. Siku ambayo hakuwa na uhakika na nyama alisema wazi, tukala samaki. Kibla kilitaka uangalifu kwa sababu meli inageuka na dira ya simu hudanganywa na chuma. Tulikuwa tukitazama ramani ya safari kwenye televisheni ya chumbani ili kujua meli inaelekea wapi, kisha tunapiga hesabu ya kusini mashariki.

Bei nayo inavutia. Kitanda na chakula cha siku nzima vilikuwa nafuu kuliko chumba cha kawaida cha hoteli pale Barcelona. Ila uwe na macho: bakshishi ya wahudumu inakatwa yenyewe, kwetu ilikuwa takriban euro 12 kwa mtu kwa siku; maji ya chupa mezani yanalipiwa; intaneti inalipiwa, na si rahisi; basi la kwenda mjini linalipiwa. Kila kitu unagusisha kadi ya chumba, huoni noti ikitoka mkononi. Uliza hesabu yako kila jioni.

Sasa msongamano. Kampuni inapanga watu kwa ustadi mkubwa, foleni ya kupanda ilikwenda haraka kuliko nilivyodhani. Lakini asubuhi ya bandarini, watu elfu kadhaa wanapotaka kifungua kinywa saa ile ile na lifti zile zile, hakuna ustadi unaotosha. Wenye viti vya magurudumu ndio wanaoumia, maana lifti inafika imejaa vijana ambao wangeweza kushuka ngazi. Mama alisubiri mpaka akakata tamaa, na siku mbili tukaamua kubaki chumbani hadi wenzetu waishe.

Na bahari yenyewe imefichwa. Sisi watu wa visiwa tumezoea kujua upepo umegeuka kabla ya kutazama saa. Kule unaweza kushinda kutwa kati ya maduka, taa na muziki usione maji isipokuwa ya bwawa. Vyumba vingine madirisha yake yanatazama ndani, kwenye uwanja ulio katikati ya meli. Nilikwenda kutafuta mahali pa kusimama karibu na maji nikapata kipande kimoja cha sitaha ya chini, kati ya boti za kuokolea, na hapo ndipo nilipokuwa nikienda kila alfajiri baada ya sala.

Zoezi la dharura lilifanyika kabla hatujaondoka, kila mtu akasajiliwa kwenye kituo chake. Walichukulia jambo hilo kwa uzito, na wana sababu: meli ya kitalii ya Costa Concordia ilipopiga mwamba pale kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 13, 2012, wakafa watu 32, walikuwamo waliopanda jioni ile ambao hawajafanya zoezi lolote.

Kilichonigusa kuliko vyote kilikuwa bandarini. Civitavecchia iko kilomita 70 hivi kutoka Roma, kwa hiyo "siku ya Roma" ni mabasi kwenda, mabasi kurudi, na saa chache katikati mkimfuata kiongozi mwenye bendera. Palma nilikaa na mwenye duka la mikoba karibu na kanisa kuu. Kwa Kiingereza chetu cha kuunga alinieleza kwamba siku ya meli mtaa unajaa na mauzo hayajai, kwa sababu watu wamekunywa chai melini na watarudi kula melini. Nilimwelewa mara moja. Mimi mgeni wangu akilala siku tatu, mwenye punda anapata, mwenye mashua anapata, mama muuza mahamri anapata, mvuvi anapata. Mgeni wa meli kubwa ameshalipia kitanda na sahani yake kabla hajafika kwako. Raha ile ile iliyomfaa mama, ya kukuta kila kitu ndani, ndiyo inayowanyima watu wa bandarini.

Na miji imeanza kusema basi. Palma imekubaliana na kampuni, kuanzia 2022, meli zisizidi tatu kwa siku, na ya abiria zaidi ya 5,000 iwe moja tu. Venice, tangu Agosti 1, 2021, Serikali ya Italia imezuia meli za zaidi ya tani 25,000 kupita mbele ya mji wa kale, na hiyo ni baada ya meli moja kushindwa kusimama mwaka 2019 na kugonga gati na boti ya watalii. Hiyo ni miji yenye barabara, hospitali kubwa na mabomba ya maji safi.

Sisi je? Wapo wanaosema kwa kuwa gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa 2021 na kina chake ni mita 17.5, meli za kitalii nazo zije. Kina cha gati si tatizo. Tatizo ni Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu wa kale, ambao punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja husogea ukutani. Tatizo ni maji ya kunywa, tunayoyapata kwenye visima vya chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mji wa kale uliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001 kwa sababu watu bado wanaishi ndani yake. Watu elfu tano wakishuka asubuhi na kuondoka alasiri watatuachia taka na picha zetu kwenye simu zao. Meli ya abiria mia mbili au tatu, inayolala nje siku mbili na kuwaleta kwa mashua za vijana wetu, hiyo nitaipokea kwa mikono miwili.

Kwa anayetaka kujaribu: chukua chumba cha ghorofa za katikati, mbali na ukumbi wa muziki; kama una mzee, omba chumba cha kiti cha magurudumu mapema sana kwa sababu ni vichache; chagua njia ambayo bandari ziko mjini, kama Genoa, ambako unashuka na kutembea kwa miguu, na ule chakula cha mchana nje ya meli kila inapowezekana. Mama ameshasema yuko tayari kwenda tena. Nitampeleka, inshallah, ila natafuta meli ya abiria wasiozidi elfu moja yenye lifti na vyumba vya walemavu, hata ikigharimu zaidi na kutikisika kidogo. Anayeijua aniambie.