Simu mpya, laptopu ya zamani: hotspoti yangu ilivyogoma siku mbili

Nilibadilisha simu, laptopu nikabaki na ile ile. Ina zaidi ya miaka 10 na herufi za kibodi zimeanza kufutika, lakini kazi inafanya. Kwa simu ya zamani ilikuwa ikipata intaneti kila siku bila maneno. Nilipowasha hotspoti ya simu mpya (ile ya simu kugawa intaneti yake kwa Wi-Fi), laptopu ikaniorodheshea mitandao ya majirani wote. Wangu haumo.

Nikafanya yale ya kila mtu: zima, washa, sogeza simu mpaka ikakaa juu ya kibodi. Nikabadilisha jina la hotspoti nikidhani ile ritifaa iliyokuwemo ndiyo inaleta balaa. Nikaondoa hata draiva ya Wi-Fi, yaani programu inayoiendesha kadi ya Wi-Fi ya laptopu, ili niiweke upya, na hapo nikajitia kitanzi, maana nakala yake sikuwa nimeipakua kwanza. Ukitaka kujaribu hilo, pakua kabla hujafuta.

Waya ndio ulioniokoa. Nilichomeka simu kwa USB, nikawasha kushiriki intaneti kwa USB kwenye mipangilio ya simu, na ndani ya sekunde chache kurasa zikafunguka. Kumbe laini nzima, bando lipo, kivinjari hakina neno. Ugomvi uko kwenye Wi-Fi tu. Nilipakua draiva, nikairudisha, na hotspoti bado haikuonekana. Tableti ya mdogo wangu nayo iliingia mara moja bila waya. Ningeanza na majaribio haya mawili, ningelala mapema.

Basi nikafungua kidirisha cha amri cha Windows nikaandika netsh wlan show drivers. Yanatoka maandishi mengi, ila mimi nilihitaji mistari miwili. Wa kwanza unataja aina za redio, yaani viwango vya Wi-Fi ambavyo kadi inavifahamu: wangu ulikuwa na 802.11b, 802.11g na 802.11n, basi. Hakuna a, hakuna ac, ambavyo ndivyo vya GHz 5. Maana yake kadi hii inajua bendi (masafa ya redio) ya GHz 2.4 peke yake, na simu mpya ilikuwa inarusha kwa GHz 5. Laptopu haikuwa imenikataa, haikuwa inaniona kabisa.

Nikaingia kwenye mipangilio ya hotspoti, nikabadilisha bendi kuwa GHz 2.4. Jina likatokea! Nikaandika nenosiri, nikajibiwa kwamba haiwezi kuunganishwa kwenye mtandao huu. Nikaliandika tena, herufi moja moja, mara tano, nikaanza kuyatilia shaka macho yangu. Ndipo nikaukumbuka mstari wa pili, ule wa usalama: kadi yangu inaishia WPA2, na simu ilikuwa imewekwa WPA3, aina mpya zaidi ya ulinzi wa Wi-Fi. Nikashusha kuwa WPA2, nikaiambia laptopu isahau mtandao ule, nikaunganisha upya. Ikaingia. (Kuna pia chaguo la kuacha wazi bila nenosiri. Saa sita usiku linavutia sana, usilichague.)

Kinachonikera si kwamba laptopu ni mzee. Simu inajua inatumia WPA3, laptopu inajua haiifahamu, na ujumbe ninaopewa ni wa kunifanya nidhani nimekosea nenosiri.

Sasa natumia wiki ya tatu. Kwa barua pepe na mikutano ya video GHz 2.4 inanitosha, na inapenya ukuta vizuri kuliko GHz 5. Jioni mambo huwa mazito kwa sababu majirani nao wako humo humo, na nikivaa vipokea sauti vya Bluetooth sauti hukatika-katika, kwani Bluetooth nayo inatumia bendi hiyo hiyo. Siku hizo narudi kwenye waya, ambao pia unaichaji simu. Nimezima pia ile tabia ya hotspoti kujizima yenyewe ikikaa bila kifaa kilichounganishwa. Ilikuwa ikinifanya nidhani tatizo limerudi kila nikitoka kunywa maji.

Hotspoti naipa nyota 3 kati ya 5. Moja imeondoka na usumbufu huo wote, nyingine ilipotea siku ya pili ya kuitumia, laptopu ilipojipakulia masasisho ya Windows na kumaliza bando langu kabla ya saa nne asubuhi. Nimeshauwekea mtandao ule alama ya muunganisho unaopimwa data, ili Windows ibane matumizi.