Seva ya Akiba Inaposhika Zamu: Anwani ya MAC Ihame au Ibaki?

Seva kuu inapozimika, anwani ya IP huhamia kwenye kadi ya mtandao ya seva ya akiba. Linalobishaniwa ni kama anwani ya MAC, yaani namba inayoitambulisha kadi yenyewe, nayo ihame.

Ikihama, kama itifaki ya VRRP (kanuni za vifaa kupokezana anwani moja) inavyoelekeza, seva zote mbili hupokezana anwani moja inayoanza na 00-00-5E-00-01 na kumalizikia kwa namba ya kundi la seva hizo, kuanzia 1 hadi 255. Majedwali ya ARP (orodha za IP ipi ina MAC ipi) ya ruta na kompyuta za wateja hayaguswi, swichi pekee ndiyo hujifunza mlango mpya, na kwa uhakika wa kuhama sioni njia iliyo bora zaidi. Uangalizi wake, hata hivyo, ni mzito: swichi yenye ulinzi wa milango inaweza kuufunga mlango ulioleta anwani ngeni, na makundi mawili yakipewa namba moja katika mtandao mmoja, mawasiliano huvurugika.

Keepalived, programu inayosimamia kupokezana huku, usipoiagiza vinginevyo, huiachia kila kadi anwani yake, na seva ya akiba hutangaza kwa ARP kwamba IP sasa ni yake. Usanidi ni mwepesi, lakini kifaa kinachopuuza tangazo hilo huendelea kutuma data kwa seva iliyozimika hadi kumbukumbu yake ifutike, na katika ruta nyingi za Cisco muda wa kawaida ni saa 4.

Gharama hazitofautiani, kwani Keepalived ni ya bure kwa njia zote mbili. Mwenye mamlaka juu ya swichi zake, aliye pia na vifaa vikongwe mtandaoni vinavyoweza kupuuza tangazo, atafaidika na MAC ya pamoja. Aliyepangisha seva kwenye mtandao wa mwingine, unaoruhusu MAC moja kwa kila mlango, atumie matangazo.